Vita Huisha, Maneno Yake Hubaki

Watu wa Nairobi wakitaka vikapu vizuri au nyama ya kuchoma, wengi wao huenda soko la Kariokor. Watu wa Dar es Salaam nao, wakitaka karibu kila kitu kinachouzwa kwa fedha, huenda Kariakoo. Majina hayo mawili kwa kweli ni jina moja, wala halikutoka katika lugha yo yote ya Kiafrika. Ni maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi wa jeshi katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918. Mahali yalipo masoko hayo palikuwa na kambi zao.

Kikosi hicho kilivunjwa, hema zikakunjwa, na wakubwa waliokiongoza wakafa zamani. Lakini jina lile, kama lilivyotengenezwa na vinywa vya wachukuzi wenyewe, lingali likitamkwa kila siku na maelfu ya watu ambao hawajui asili yake.

Habari hii inafaa kufikiriwa na kila mtu mwenye mzee nyumbani kwake. Watu wengi hudhani ya kwamba vita hukumbukwa kwa vitabu, kwa sanamu na kwa nishani. Hukumbukwa hivyo, lakini kwanza hukumbukwa kwa maneno. Lugha ambayo mtu aliishi nayo vitani, na lugha anayosimulia kwayo arudipo kwao, ndizo zinazoamua ni jambo gani litakalokumbukwa na ni jambo gani litakalopotea.

MZIGO ULIOPATA JINA JIPYA

Vita hiyo ilipoanza Agosti 1914, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki yalipigana katika nchi isiyo na barabara nyingi. Reli zilikuwa chache, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na ndorobo. Basi chakula, risasi, dawa, na hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa kwa mabega na vichwa vya watu. Vita haikwisha hapa mpaka tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake katika mji wa Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala, katika nchi ya Zambia. Huko Ulaya mizinga ilikuwa imenyamaza siku 14 kabla yake.

Katika miaka hiyo Waingereza walikusanya wachukuzi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 msako ukawa mkubwa kuliko wakati wo wote. Hesabu za serikali zenyewe zilikaribia watu 100,000 waliokufa katika kazi hiyo, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli ilizidi hapo. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na malaria, kuhara damu, baridi ya mvua na njaa, na wengine na unga wa mahindi usioiva, waliopewa watu waliozoea kula ndizi au mtama.

Sasa jambo la kuangalia ni hili. Kiswahili kilikuwa na neno lake la mtu abebaye mizigo, nalo ni mpagazi. Lakini neno hilo lilikuwa na heshima yake. Katika siku za misafara, kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na pembe begani alikuwa mtu wa kazi inayojulikana: alipatana ujira, alijua njia, na akirudi kwao alihesabiwa kuwa mwanamume aliyeiona dunia. Mtu aliyechukuliwa na serikali kwa nguvu, akaandikwa namba na kupelekwa Rufiji kufa kwa homa, hakulingana na neno hilo. Kwa hiyo likashika jina jipya, lisilo na heshima ya zamani ndani yake. Lugha nyingi za Kenya zikalichukua kama lilivyo, na kwa wazee wengi Kariokor likawa jina la vita yenyewe.

SAFARI MOJA, KUMBUKUMBU MBILI

Neno jingine lililofanya kazi kubwa katika vita ile ni safari. Askari wa upande wa Wajerumani walikuwa na wimbo wa Kiswahili wa kutembea, ambao maofisa wao waliupenda. Lettow-Vorbeck aliporudi kwao, alitoa mwaka 1920 kitabu cha vijana juu ya vita vyake katika Afrika ya Mashariki, akakiita Heia Safari! Vijana wa Kijerumani wakakisoma sana. Hivyo neno la Kiswahili likaingia katika kumbukumbu za taifa jingine, nalo likabeba maana ya ushujaa, msitu, moto wa usiku na askari waaminifu wanaoimba.

Kwa mchukuzi, safari ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa ratli 50 au 60 kichwani, alfajiri hata jioni, na mwenzake aliyelala kando ya njia asiamke tena. Wote wawili, ofisa na mchukuzi, walitumia neno moja, wakaenda njia moja, tena siku moja. Lakini mmoja alikuwa na kalamu na wapiga chapa, na mwingine alikuwa na mdomo wake tu. Kwa muda wa miaka mingi dunia ilisoma safari ya yule wa kwanza, na safari ya wa pili ilisimuliwa jioni, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya watoto waliokuwa wakisinzia.

LUGHA YA AMRI

Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Kenya na Nyasaland. Ndani yake walikuwamo Wasudani waliotoka katika majeshi ya Misri, nao walikuja na majina ya vyeo ya Kituruki. Efendi alikuwa mkubwa, shaushi alikuwa sajini, ombasha alikuwa koplo. Leo hata askari polisi kijana asiyejua habari za Waturuki humwita mkubwa wake afande, na kwa neno hilo moja hutamka historia ya miaka zaidi ya mia.

Askari wa Keya walitoka katika makabila mengi sana. Mjaluo, Mkamba, Mnandi na Myao hawakuweza kuzungumza ila kwa Kiswahili cha kambini, ambacho wenyewe walikiita Kikeya. Kilikuwa Kiswahili kifupi, kisichojali ngeli wala adabu ya pwani. Maneno yake mengi yalikuwa ya kuamrisha: simama, lala chini, beba, piga, nyamaza. Hapo pana jambo la kuhuzunisha. Mtu aliyejifunza Kiswahili jeshini tu alipata maneno ya kutosha ya kutii na ya kuamuru, lakini hakupata maneno ya kuomboleza. Rafiki yake alipokufa, maneno ya msiba yalikuwa katika lugha ya mama yake, na pengine katika kikosi kile hapakuwa na mtu wa pili aliyeifahamu.

Hata hivyo Kiswahili kilimsaidia askari kutazama mambo mageni bila kupotewa na akili, maana kiliyapa majina ya vitu vya nyumbani. Eropleni ikawa ndege. Bunduki ya mtombo iliitwa bombom, kwa mlio wake. Katika vita vya baadaye gari la chuma lenye mzinga likaitwa kifaru. Na mzinga wenyewe ulikwisha pata jina zamani kutokana na gogo lenye uwazi, linalotundikwa mtini ili nyuki watie asali. Mwezi wa Novemba 1914 katika vita vya Tanga, maana hizo mbili zilikutana: milio ya bunduki iliwachokoza nyuki wa mizinga ya mitini, nao wakawashambulia askari waliotoka Bara Hindi. Mtu mwenye Kiswahili alipoambiwa kwamba Tanga walipigwa na mizinga, ilimpasa kuuliza ni mizinga ipi.

Amri za vita huingia mwilini hata zisitoke. Husimuliwa kisa cha mwaka 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipotaka kuwalipa askari wazee waliotumika chini ya Lettow-Vorbeck. Wengi walikuja bila cheti cho chote. Basi, kwa kisa hicho, kila mzee alipewa fimbo ya ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani kufanya kwata. Yasemekana ya kwamba hakuna aliyekosea. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita, na watu wale hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kijerumani. Lakini mikono yao ilikuwa ingali ikikifahamu.

Lugha hiyo hiyo ya amri huweza kumwogofya mtu mwingine. Katika Uganda, hasa katika nchi ya Buganda, watu wengi kwa muda mrefu walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya askari, na katika utawala wa Idi Amin, toka mwaka 1971 hata 1979, walikisikia kwa watu wenye bunduki waliobisha milango usiku. Amin mwenyewe alikuwa mtu wa Keya. Mtu wa Lamu au Unguja akisikia Kiswahili humkumbuka mama yake; mtu wa Kampala aliyeishi siku zile huweza kusikia maneno yale yale na kushtuka.

BARUA KUTOKA BURMA

Katika Vita ya Pili ya Dunia zaidi ya watu 300,000 wa Afrika ya Mashariki walitumika katika majeshi ya Waingereza. Walipigana Uhabeshi na Bukini, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliingia Burma, ikashuka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin. Kulikuwa na magazeti ya jeshi ya Kiswahili, kama Askari na Heshima, na walimu wa jeshi waliwafundisha watu wengi kusoma na kuandika.

Askari asiyejua kuandika alimwendea mwenzake ajuaye. Alisema maneno yake kwa lugha ya kwao, au kwa Kiswahili kidogo alichokuwa nacho, na mwandishi akayaweka kwa Kiswahili cha barua. Barua ikapita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi. Ikifika Nyeri au Kisii, mkewe au baba yake aliipeleka kwa mwalimu wa shule au kwa karani, naye akaisoma na kuifasiri kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo sauti ya yule askari ilipita katika vinywa viwili au vitatu kabla ya kufika.

Tena barua ya Kiswahili ina desturi yake, na kila karani anaijua. Huanza kwa salamu nyingi sana. Kisha mwandishi husema ya kwamba yeye ni mzima, hofu ni juu ya wale aliowaacha nyumbani. Maneno hayo ni ya adabu, nayo ni mazuri. Lakini mtu mwenye homa, aliyemzika mwenzake jana katika matope ya Burma, naye aliandika ya kwamba ni mzima, hofu ni kwa walio nyumbani. Mkaguzi hakuona cha kufuta. Mama yake hakuona cha kulilia. Desturi ya lugha ilimpa mahali pa kuficha mambo asiyotaka kuwaambia, na ikawapa wazazi wake usingizi.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeziona barua za namna hiyo leo katika sanduku la babu yake asifikiri kwamba babu hakuona kitu. Na atazame habari inayokuja baada ya salamu: ng'ombe wamezaa? Shamba la juu limelimwa? Mtoto ameanza shule? Katika maswali hayo ndimo ilimo hofu ya mtu asiyejua kama ataiona tena nyumba yake.

UASI, HATARI AU VITA?

Pengine kazi kubwa kuliko zote ambayo lugha hufanya ni kuipa vita jina. Watu wa kusini ya Tanganyika walipowapiga Wajerumani mwaka 1905 hata 1907, Wajerumani waliandika kwa lugha yao ya kwamba ule ni uasi. Wananchi waliita Maji Maji, kwa dawa ya maji ambayo Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa ili risasi zisiwadhuru. Jina la Wajerumani lilieleza kosa la kumvunjia mtawala amri. Jina la wananchi lilieleza tumaini lao, na jinsi tumaini lile lilivyowadanganya. Leo watoto wa Tanzania husoma shuleni habari za Vita vya Maji Maji, na katika neno hilo vita mna hukumu ya taifa zima.

Watu wa pwani walikuwa na bahati ya kuwa na chombo cha kuwekea mambo ya namna hiyo, nacho ni utenzi. Tangu zamani, kama katika Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, washairi walitunga habari za vita kwa beti za vipande vinne. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga juu ya vita vya pwani na Wadachi katika siku za Abushiri, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji. Tenzi hizo zilipigwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950. Ndiyo maana habari za vita hivyo zinapatikana kwa maneno ya Waafrika wenyewe, wala si kwa ripoti za maofisa peke yake.

Katika Kenya, serikali ilitangaza tarehe 20 Oktoba 1952 jambo ambalo kwa Kiswahili cha magazeti liliitwa Hali ya Hatari, nalo lilidumu mpaka mwaka 1960. Waliokuwa msituni walisema kwa Kikuyu ya kwamba wanapigania ithaka na wiyathi, yaani ardhi na uhuru. Mambo yalikuwa yale yale, lakini mtu aliyesoma gazeti alisoma habari za hatari, na mtu aliyekula kiapo alisikia habari za shamba lake. Hata watu wa nyumba moja waligawanyika katika maneno hayo. Ilikuwa mwaka 2003 ndipo sheria ya kupiga marufuku Mau Mau ilipofutwa. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa katika siku zile, ikasema ya kuwa inasikitika. Kesi yao ilikwenda mbele kwa sababu wazee hao walikuwapo, wakasema kwa vinywa vyao, na maneno yao yakaandikwa.

JIWE LENYE LUGHA TATU

Katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi, ambayo zamani iliitwa Delamere Avenue, kuna sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kuwa ukumbusho wa askari na wachukuzi Waafrika. Chini yake pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, ambaye mwanawe mwenyewe aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915. Yanasema ya kwamba wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, tena kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo imeandikwa kwa lugha tatu, lakini katika jiwe lile hakuna jina la mchukuzi hata mmoja. Sehemu kubwa ya ujira wa waliokufa haikulipwa, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa kwa ajili ya Vita Kuu ya kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Ikaomba radhi, na kazi ya kutafuta majina ikaanza. Mwezi wa Januari 2025 ulifunguliwa mjini Cape Town ukumbusho wa watu zaidi ya 1,700 wa Afrika ya Kusini waliotumika bila kubeba silaha, kila mmoja kwa jina lake. Basi jambo hilo linawezekana.

Lakini majina hayatoki katika ofisi peke yake. Karani wa mwaka 1917 aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia, na sikio lake pengine halikuijua lugha ya aliyelitamka. Jina sahihi, pamoja na jina la baba, la ukoo na la mlima aliozaliwa chini yake, liko nyumbani, katika lugha ya nyumbani. Hakuna tena mchukuzi wa vita ile aliye hai, na askari wa Burma waliosalia ni wachache sana, nao wana umri wa karibu miaka mia. Lakini wajukuu wao wapo, na wengi wamesoma.

Mtu mwenye kalamu na daftari anaweza kuanza jioni ya leo. Amwulize mzee kwa lugha ambayo mzee huyo huitumia akiomba dua au akiota ndoto, wala si kwa Kiingereza au Kiswahili cha shule. Neno la kigeni likijitokeza katika hadithi, aliandike kama mzee alivyolitamka, asilisahihishe, maana huenda neno hilo ni jina la kambi, au la ofisa, au la mahali alipozikwa ndugu yake. Na akimaliza, aandike juu ya karatasi jina la yule mtu lote, kama lilivyoitwa na mama yake.